Kabla hamjampokea mgeni wa kujitolea: mwongozo kwa vikundi vya biashara ndogo

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na sijaona watu unaowafaa kama wageni wanaokuja kujitolea. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa binti wa Kijerumani wa miaka kumi na tisa. Alikuja kusaidia kikundi chetu cha akina mama tunaopika mafuta ya nazi huku Mwambani. Tukampa kiti, tukampa dafu, tukampa na jina. Kufika siku ya nne hakuna aliyejua apewe nini tena. Wiki ya pili akaomba mwenyewe apake rangi ukuta wa banda. Akaupaka samawati, akachora na mnazi, akapiga picha, akaenda zake. Mnazi ule upo hadi leo, umeanza kubanduka. Hesabu za daftari la mauzo zilikuwa hazifungi siku aliyokuja, na hazikufunga siku aliyoondoka.

Simlaumu. Tulimwita mtu bila kuwa na kazi ya kumpa. Baada yake tumepokea wengine wawili, na kila mmoja ametufundisha kitu, ingawa si mara zote kile alichokuja kufundisha. Mimi ni katibu, nimezoea kuandika kumbukumbu, basi hizi nawaandikia wenzetu: VICOBA, wakulima wa mwani, akina mama wa dagaa, vijana wa karakana, yeyote aliyepigiwa simu akaambiwa kuna mtu kutoka nje anataka kuja kusaidia biashara yenu ikue.

Hatua ya 1: Andikeni kazi, na iwe moja

Fanyeni hivi kabla hamjaijibu ile simu. Fanyeni siku ya hisa, sanduku liko wazi na kila mwanachama yupo. Wasikae viongozi watatu chini ya mwembe wakaamua peke yao, maana kazi ikikwama mtaambiwa ilikuwa kazi ya viongozi.

Tukiulizwa tunahitaji nini, ulimi wetu umezoea lugha ya semina: kujengewa uwezo, kuwezeshwa kiuchumi, elimu ya ujasiriamali. Maneno hayo hayampi mtu kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Andikeni sentensi ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kusema kama imetimia au haijatimia. Sisi kwa mgeni wa tatu tuliandika hivi: "Tunauza chupa ya nusu lita shilingi 6,500 na hatujui inatugharimu kiasi gani. Tunataka kujua."

Basi, ndiyo hiyo tu. Akaja mzee mstaafu wa Kiholanzi aliyefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote. Nilidhani atatoa kompyuta. Alikaa jamvini, akauliza bei ya kila kinachoingia kwenye mkupuo mmoja wa mafuta, na mweka hazina wetu ndiye aliyekuwa anaandika. Mkupuo kwetu ni nazi 90, zinatoa lita 6. Nazi kwa shilingi 600 ni 54,000. Kuni 4,000. Chupa 12 kwa 500 ni 6,000. Lebo 12 kwa 200 ni 2,400. Bajaji ya kupeleka mzigo sokoni Ngamiani 5,000. Jumla 71,400. Tukiuza chupa zote 12 tunapata 78,000. Kinachobaki ni 6,600, na kazi ile hufanywa na watu watatu tangu alfajiri mpaka alasiri. Kila mmoja 2,200.

Pakawa kimya. Mama mmoja aliyekaa kwenye mbuzi miaka sita akasema, "Kumbe nakuna nazi kutwa nzima kwa soda tatu."

Kilichofuata hakikutoka kwa mgeni. Yule yule mama alitazama pale palipoandikwa kuni 4,000 akauliza: na vifuu je? Tulikuwa tunanunua kuni huku vifuu vya nazi 90 vikibebwa bure na mchoma mishikaki wa jirani. Mwingine akakumbuka chicha, ambayo ilikuwa inanenepesha kuku wasio wetu. Sasa vifuu ndivyo tunavyopikia, chicha mfugaji anainunua 2,000 kwa mkupuo, na chupa tumeipandisha hadi 7,000. Wateja wawili walinuna, mmoja amesharudi. Mkupuo ule ule unabakiza 18,600, yaani 6,200 kwa kila mkunaji. Bado si mshahara wa kujivunia, ila huwezi kuulinganisha na ule wa soda tatu.

Nimekaa sana kwenye hatua hii kwa makusudi. Mkiikosea, zilizobaki mtazifanya vizuri na mwisho mtapata mnazi wa ukutani.

Hatua ya 2: Jueni ni mgeni wa aina gani

Wote tunawaita wazungu wa kujitolea, hata akija Mjapani, lakini hawafanani. Wamarekani wa Peace Corps walianza kuja mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika, 1961, wakaondoka 1969, wakarudi 1979. Hao hukaa miezi 27, na mitatu ya kwanza ni ya mafunzo, Kiswahili kikiwemo. Vijana wa Ujerumani wengi huja kwa mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts, ulioanza 2008, wa watu wa miaka 18 hadi 28, na kwa kawaida hukaa mwaka. Hapa Tanga tuna udugu wa miji na Eckernförde tangu 1963, kwa hiyo Mjerumani kwetu hashangazi sana. Halafu kuna mashirika ya wataalamu wastaafu, kama SES ya Bonn, Ujerumani, iliyoanzishwa 1983, na PUM ya Uholanzi ya 1978. Hao huja kwa muda mfupi, wiki mbili tatu, wakati mwingine miezi, na hawalipwi mshahara.

Aina ya nne ni wale waliomlipa wakala ili waje. Wengine hulipa fedha nyingi kwa wiki chache, na wakifika wanaamini fedha ile imekuja kwenu. Msione haya kumwandikia wakala: mgeni amelipa kiasi gani, na katika hizo ngapi zinaifikia familia itakayomlaza? Jibu likianza kuzunguka, mmeshajibiwa.

Rai yangu, na wengine watanipinga: kwa kazi ya hesabu, bei na masoko, ombeni mtu mzima aliyewahi kuendesha kitu, hata akikaa wiki tatu tu. Kijana wa miaka kumi na tisa ni mwema, ana nguvu, na atapendwa na watoto wa mtaa mzima, lakini hajawahi kulipa mshahara wala kudaiwa kodi ya pango. Mpeni kazi inayolingana naye. Apige picha nzuri za bidhaa, afundishe vijana wa kikundi kompyuta, au ahesabu wateja sokoni kwa wiki nzima. Hiyo ya kuhesabu msiidharau. Hakuna kati yetu mwenye muda wa kusimama Ngamiani siku sita na kalamu mkononi.

Muda nao uamue kazi. Anayekaa wiki tatu msimpe kilimo cha mwani, kwa sababu mwani hukaa majini kama wiki sita hadi kuvunwa, na shambani huendi kila siku, unasubiri bamvua maji yatoke. Atapanda na hataona anachovuna.

Hatua ya 3: Karatasi, mapema

Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kazi ya bure. Anayekuja kujitolea kwa kawaida hukaa kwa hati ya ukaazi daraja C, na taasisi inayompokea ndiyo inayobeba ombi. Nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla hajakata tiketi, mwulize nini kinatakiwa safari hii na ada ni kiasi gani. Mkiambiwa na mtu yeyote "aje tu, tutarekebisha akishafika", huyo msimsikilize. Akikamatwa, yeye atapanda ndege na nyinyi mtabaki mnaandika maelezo.

Kikundi chenu nacho kiwe na cheti. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kidogo mara nyingi kitahitaji asasi kubwa zaidi imbebe mgeni kwenye karatasi. Hilo halina ubaya, ila ile sentensi yenu ya hatua ya kwanza iingie ndani ya barua yao ya mwaliko, neno kwa neno.

Siku anayofika, mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Asionekane mtaani siku tatu ndipo wenye mtaa waanze kuulizana huyu ni nani.

Hatua ya 4: Alale wapi

Asilale kwa mwenyekiti wa kikundi. Narudia, asilale kwa mwenyekiti. Tulifanya hivyo mara ya kwanza, na ndani ya wiki moja akawa "mzungu wa mwenyekiti". Kila mfuko wa unga ulioingia nyumba ile ukahesabiwa kuwa umetoka Ulaya. Mwenyekiti wetu ni mtu safi, lakini hadi leo kuna wanachama wawili wanaamini alijengewa choo.

Sasa mgeni hulala kwa mwanachama asiye na cheo, kwenye nyumba yenye chumba cha kufunga kwa ufunguo. Fedha ya chakula kwa siku tunaitaja kikaoni na kuiandika, kila mtu anaijua. Mwenye nyumba apewe ruhusa ya kusema "leo tunakula ugali na dagaa" bila kuona aibu. Mgeni aliyelishwa kuku wiki nzima anamfilisi mwenyeji wake kimyakimya.

Adabu mwambieni mapema, na mwambieni waziwazi, kwa sababu kwao kuambiwa si kutukanwa. Kanga mbili tunampa siku ya kwanza, tukimwonyesha na namna ya kujifunga. Afundishwe shikamoo kabla ya kufundishwa bei ya nazi. Asiwapige watu picha bila kuomba. Mwezi wa Ramadhani asipange mafunzo saa nane mchana, na Ijumaa mchana asimtafute mtu. Mkitaka kumkosoa, mtafute mtu mzima mmoja awe ndiye msemaji, aitwe bibi au shangazi. Mgeni akikosolewa na kila mtu anajifungia chumbani.

Hatua ya 5: Siku ya tatu, mpeni mbuzi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe ni mbuzi ya kukunia nazi. Yule kijana wa Kimarekani, mgeni wetu wa pili, alikaa juu yake na magoti yamefika masikioni, akakuna kwa nguvu zake zote mpaka akafika kwenye kifuu. Nazi ikatoka na vipande vya kahawia, tui likawa kama maji ya mtaro. Bibi mmoja akamshika mkono: "Mwanangu, nazi inasikilizwa. Ikibadili sauti, unageuza."

Alikuna nazi nane, tukaacha kuhesabu dakika. Kesho yake hakuweza kushika kalamu. Lakini alipoanza kuzungumzia gharama, neno "kazi" lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake, wakati sisi wenyewe tulikuwa hatulitaji kabisa. Kwa hiyo msimwonee huruma. Anayekuja kusaidia biashara ya mwani aingie majini, ya dagaa aamke saa kumi alfajiri mashua zinaporudi, ya machungwa ya Muheza apande gari la mizigo. Wiki moja yatosha, asigeuzwe kibarua.

Hatua ya 6: Daftari la nani, namba ya nani

Hapa ndipo vikundi vingi huumia, na sisi tuliumia kweli. Kijana yule alitufungulia ukurasa wa Instagram. Ulikuwa mzuri, chupa zimepangwa juu ya majani ya mnazi, na oda zikaanza kutoka Dar. Alifungua kwa namba yake ya simu, laini aliyonunua siku aliyoshuka uwanjani. Aliporudi kwao laini ikafa, nywila ikasahaulika. Miezi mitatu wateja walikuwa wanaandika "bado mnayo?" na sisi tunayasoma maswali yao kutoka nje kama wapita njia.

Kwa hiyo, kabla hajagusa chochote cha mtandaoni, nunueni laini iliyosajiliwa kwa kiongozi mliyemchagua na muandike kwenye muhtasari kwamba ni ya kikundi. Barua pepe, ukurasa, kundi la WhatsApp na lipa namba vyote vifunguliwe kwa laini hiyo. Nywila ziandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie ndani ya sanduku lenye kufuli tatu pamoja na fedha. Najua wajuzi wa kompyuta watasema si salama. Sanduku letu halijawahi kuibwa, simu zetu zimeibwa nne.

Kumbukumbu za fedha zikae kwenye kaunta buku. Mgeni akitaka kuwa na nakala kwenye kompyuta yake, aandike akitazama kaunta buku, kamwe isiwe kinyume chake. Na kila anachofanya awe na watu wawili pembeni yake, mmoja kijana mwenye mkono mwepesi, mmoja mtu mzima asiyehama. Vijana tunaowafundisha ndio wa kwanza kupata kazi Dar, na wanaondoka na elimu yote.

Hatua ya 7: Zawadi na fedha

Wazazi wa kijana yule walitutumia mashine ya kusagia nazi kutoka Marekani. Tuliizungushia kanga kama bibi harusi, tukaichomeka. Ililia mara moja, ikatoa moshi. Kwao umeme wa nyumbani ni volti 120, wetu ni 230. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akaomba anunue shaba iliyomo ndani.

Anayetaka kuwapa mashine, ainunue Tanzania, mahali ambapo ikiharibika mtamfuata aliyeiuza. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, lipo tangu 1973 na lina ofisi Tanga; nendeni mkaone wanachotengeneza na mpate ushauri kabla ya kumjibu mgeni. Mambo ya lebo na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, nayo yaulizeni huko. Mgeni hayajui, msimpotezee siku.

Akitaka kutoa fedha, zisiingie kwenye sanduku la hisa. Fedha ya hisa ina uchungu, kila mtu anajua aliitoa wapi, ndiyo maana inarudi. Ukiichanganya na ya msaada, watu wanaanza kukopa kwa mkono mlegevu na kulipa kwa maneno. Iwekwe benki, kwenye akaunti ya kikundi, kwa stakabadhi, na itajwe kikaoni siku hiyo hiyo. Mgeni asimkopeshe mwanachama mmoja mmoja hata shilingi elfu tano. Mwambieni hivyo siku ya kwanza, apate pa kujifichia atakapoombwa, kwa sababu ataombwa.

Kuna msaada mwingine bora zaidi ya hela yake mfukoni. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Kinachovikwamisha vikundi vingi ni andiko la mradi lenye hesabu zinazoeleweka. Mtu aliyezoea mahesabu anaweza kukaa nanyi siku nne mkaliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wenu, na nyinyi ndio mtakaolitetea mezani.

Hatua ya 8: Kumuaga mgeni

Ulizeni mapema zamu yenu ya kwenda kwao, asisubiriwe afike stendi ya Kange. Ule mpango wa Wajerumani tangu 2013 una upande wa pili, vijana kutoka nchi kama yetu kwenda kujitolea kwao. Norec ya Norway nayo hugharamia mabadilishano baina ya taasisi za nchi mbili, watu wakienda na kurudi pande zote. Kama asasi iliyomleta mgeni ina mlango huo, pelekeni jina la kijana wenu kwa maandishi wakati yeye bado yupo na anaweza kulisemea.

Siku kumi za mwisho mgeni afunge mdomo. Tulikubaliana hivyo na yule mzee wa Kiholanzi. Kikao cha mwisho alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono ameiweka mapajani. Mweka hazina akasoma mkupuo wa wiki ile, akajumlisha, akasema kimebaki 23,600. Nilimwona mzee anatikisika kwenye kiti, akafumbua mdomo, akaufumba. Ikapita kama dakika nzima. Kisha kutoka kule uani, mikono bado na tui, yule mama wa mbuzi akapaza sauti: "Bajaji umeihesabu?"

Mweka hazina akarudi kwenye mstari wa tano, akalamba ncha ya kalamu, akaandika.